Sista Aliyeichekesha Foleni

Aliyepita nyuma ya soko la Mchikichini asubuhi, upande ule wanapomwaga viatu vya mitumba juu ya maturubai, alimsikia Sista kabla hajaliona bango la kituo cha afya. Wauza viatu walikuwa na vipaza sauti vya betri. Sista alikuwa na koo lake tu, na koo hilo liliwashinda. Kuna siku vijana wale walikuwa wanazima mashine zao ili wasikie leo anasemwa nani.

"Wewe mwenye dera la kijani! Umekuja kupimwa au umekuja kupigwa picha? Ingia, vua, panda!"

Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Kwa miaka tisa niliyofanya naye kazi sikumsikia hata mara moja akimwambia mgonjwa pole wala tafadhali. Jina lake alikuwa nalo, lakini sitaliandika, na sidhani kama hata nusu ya wanawake waliopita mikononi mwake walilijua. Alikuwa Sista, basi, kana kwamba jiji zima lina sista mmoja.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kituo chetu ni kidogo, vyumba sita na choo, na kazi yangu haiko ndani yake. Kazi yangu ni kuzunguka Kariakoo na Ilala, mlango kwa mlango, duka kwa duka, nikiwashawishi wanawake waje wapime kirusi cha HPV, hicho kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Wakati wa Sista nilikuwa nabembeleza mimi, anatimua yeye. Nilikuwa naweza kushinda juani nikimlainisha mama mmoja wa genge la nyanya, kesho yake akaja kweli, akakaa benchi, akasikia maneno mawili tu kutoka chumba namba nne, akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na raba nyeupe alizojichagulia mwenyewe kwenye maturubai ya hapo nje. Mtu akimwona kwa mara ya kwanza alitazama nyuma yake kumtafuta mwenye sauti.

Chumba namba nne hakikuwa na mlango. Bawaba zilivunjika zamani, mlango ukaegeshwa ukutani, pakatundikwa shuka la kituo. Mkubwa wetu alipotaka kumleta seremala, Sista alikataa. "Wa nini? Wanaosubiri wasikie, wajifunze." Kwa hiyo foleni nzima, wanawake ishirini au thelathini kwenye mabenchi, ilikuwa inamsikia mwenzao akivuliwa.

"Shikamoo, Sista."

"Shikamoo yako weka kwenye pochi. Panda."

Mwanamke akibana mapaja aliambiwa, "Bana, bana vizuri. Ungebana hivyo miaka ile tusingejuana." Akilia: "Unalia nini, nimekuchukulia mume?" Akisema anaumia: "Umezaa watoto watano, kijibrashi hiki ndicho kitakuua?" Alikuja dada mmoja wa saluni, mrembo, akaingia akinong'ona kwamba yeye hajaolewa, asiandikwe vibaya. Sista akayarudia kwa sauti ili mabenchi yasikie. "Hajaolewa! Mwanangu, kirusi hakiulizi cheti cha ndoa. Kingekuwa kinauliza, mtaa huu tungekuwa wazima sote."

Tulicheka. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa nakaa pembeni nimekunja uso. Wanawake waoga wanaosubiri kuingia mahali wasipopapenda wanatamani sana kitu cha kucheka, hata kama anayechekwa ni mwenzao na zamu yao inakuja. Wengine walikuwa wanatoka mle ndani wamefura kwa hasira, wanafunga kanga, halafu wanakaa tena kwenye benchi wamsikilize anayefuata. Na mimi ndiye nilikuwa ninamchochea. Nilikuwa namnong'oneza kabla, huyu ni mke wa fulani, huyu alikimbia mwezi uliopita, nikijua kabisa atayatumia.

Lakini mkono wake ulikuwa mwingine. Kile chombo cha chuma wanachokiingiza ili waone ndani, ambacho akina mama wanakiita tu chuma, manesi wengi wanakiingiza kilivyo, baridi, na mwanamke anaruka. Sista alikuja na chupa ya chai yenye maji ya moto kutoka kwake. Alikipasha, akakigusisha kwanza kwenye mkono wake wa ndani, kama mtu anayepima uji wa mtoto, ndipo akakitumia. Alikuwa na kanga mbili za kuwafunikia, alizifua kila jioni nyumbani na kuzipiga pasi. Kibrashi chake kiliingia na kutoka kabla mtu hajajua. Wanawake walikuwa wanatoka wanashangaa: kwani tayari? Walikuwa wametukanwa kiasi kwamba hawakuhisi kitu. Zamani nilikuwa namtetea hivyo kwa watu, nawaambia ule ulimi ndio ganzi yake. Siku hizi simtetei.

Na hakuwa mvivu, hilo hata adui yake atasema. Aliyeonekana ana tatizo kubwa hakupewa karatasi ya rufaa akaachwa aende peke yake kupotea kwenye korido za hospitali kubwa. Sista alivua koti lake jeupe, akachukua mkoba, wakaenda wote, huku akimsema njia nzima. "Tembea. Kwani umeambiwa umeshakufa?" Hakurudi mpaka mgonjwa wake amemwona daktari. Siku moja alirudi jioni, kituo kinafungwa, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, akamkuta mama wa kutoka Mtwara bado amekaa benchi na kifurushi chake. Alimtukana kwanza, kisha akampima.

Sijui alikuwa anataka nini hasa kwa wanawake. Alikuwa anatuchukia kwa kuogopa, hilo ninalo hakika. Kwake yeye woga ulikuwa ujinga, na ujinga alikuwa anaupiga palepale alipouona.

Katika wote niliowabembeleza, hakuna aliyenichukua muda mrefu kama Bi Swafiya. Alikuwa Mwarabu wa Kariakoo, mjane, mwenye duka la mapazia na mashuka lililoanzishwa na marehemu mume wake. Mimi ni mtu wa Lindi, nilikuja Dar na mfuko mmoja, na mwaka wangu wa kwanza duka lile ndilo mahali pekee mjini nilipoambiwa kaa, kunywa kahawa kwanza. Alikuwa ananiita mwanangu Somoe. Akiwa ananiongelesha, wateja walingoja.

Siku moja aliniambia, huku akikunja kitambaa na bila kunitazama, kwamba kuna kitu kinamchuruzika kidogo, na siku zake zimekata muda mrefu.

"Ni uzee tu, mwanangu."

"Si uzee, Bi Swafiya. Twende tukatazame."

Ilichukua miezi miwili. Na siku aliyokuja, alikuja amejiandaa, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kila asubuhi Sista alikuwa anatangazia mabenchi: njooni mlivyo, msijioshe ndani, msitie kitu, kibrashi kinataka chembechembe zenu, hakitaki usafi wenu. Nami nilimwambia. Lakini Bi Swafiya hakuwahi kwenda hata kwa fundi cherehani bila kujifukiza. Leo anakwenda kuvuliwa na mtu baki, atazamwe, halafu aende alivyo? Alijiosha kwa marashi, ndani na nje, akakaa juu ya chetezo mpaka udi ukamkolea, akavaa buibui jipya. Alipopita kwenye korido foleni nzima iligeuka.

Sista alimlaza. Tulisikia chuma kikilia, kisha kimya kidogo, kisha koo likapanda.

"Jamani! Kumbe Waarabu wananukia mpaka ndani! Mama, hapa naangalia mlango wa kizazi au mlango wa duka la udi? Umejisafisha mpaka umefuta ushahidi!"

Mabenchi yalilipuka. Muuza viatu mmoja huko nje alipiga makofi. Na mimi niliyemleta, niliyejua kwamba harufu ile ni heshima aliyotuwekea, nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Bi Swafiya alishuka kitandani kabla kazi haijaisha. Alipita mbele yetu na viatu mkononi. Kibrashi kilikuwa kimegusa tu, na majibu ya maabara yalirudi yakisema sampuli haitoshi kusomeka, mgonjwa arudie. Hakurudia. Kahawa aliendelea kunipa kama kawaida, wala hakunigusia habari ile, na mimi nikaona basi, yamekwisha.

Mwaka uliofuata vikaja vichupa vya kujichukulia mwenyewe. Ni kitu chepesi: kibrashi chenye mpini mrefu ndani ya karatasi yake, na kichupa chenye maji kidogo. Mwanamke anaingia bafuni kwake, anajifungia, anaingiza kibrashi taratibu mpaka kigote, anazungusha mara tano, anakitia kwenye kichupa, anafunga. Hakuna kuvuliwa na mtu, hakuna chuma, hakuna foleni. Wakubwa walituambia mashine ya maabara itakiona kirusi humo sawasawa na kwenye ile anayochukua nesi. Atakayekutwa nacho ndiye tu atakuja kutazamwa. Nilifurahi mpaka nikataka kucheza. Nilijua kuna milango mia ya Kariakoo itafunguka.

Sista alivichukia siku ileile. "Mkono wa mtu mwenyewe ni muongo," alisema, na hakuacha kusema. "Atachovya pale mlangoni kama anayepima maji ya kuoga, atatoa, ataniambia nimefika." Lakini amri ilikuwa imetoka juu, na kwa kuwa hakuweza kufanya kitu vibaya hata akikichukia, alitufundisha kuliko alivyofundisha mtu yeyote. Alinunua soksi za watoto kwenye maturubai, akatugawia kila mhudumu yake, tukakaa uani kwa kituo wanawake wanane tunasukuma vibrashi ndani ya soksi.

"Mpaka kwenye vidole! Hapo hujafika, hapo ni kisigino. Wewe Somoe, hata soksi unaionea aibu?"

Kila Ijumaa tulirudisha vichupa. Alikuwa anakiinua kimoja kimoja dirishani, anakitazama kwenye mwanga, na kwa macho tu alikuwa anajua kipi kimefika na kipi kimechovywa. Aliyerudisha kichupa kitupu alisimamishwa mbele ya wenzake na mbele ya foleni. "Simama wakuone. Huyu analipwa posho kumwambia mwanamke ajiguse, na ameshindwa." Aliweza kuendelea hivyo mpaka mtu akalia. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliacha kazi kwa sababu ya Ijumaa moja.

Nilimpelekea Bi Swafiya kichupa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya kaunta. Wiki ya kwanza akasema kesho. Wiki ya pili akasema kesho. Ijumaa ya tatu alinirudishia, karatasi haijachanwa.

"Mwanangu Somoe, siwezi. Kila nikikishika namsikia yule mama anacheka."

Alisema yule mama. Sista hakucheka siku ile, Sista hakuwa na tabia ya kucheka. Sisi ndio tulicheka, na Bi Swafiya alijua, akanistahi.

Ningeweza kukirudisha kitupu. Ningesimama, ningesemwa, ningekaa. Ndiyo hayo tu yaliyokuwa yananisubiri, na nimeyapima tangu siku ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima kitu chochote. Badala yake niliingia choo cha kulipia cha pale sokoni, nikafunga komeo, nikachana karatasi, nikajichukulia mwenyewe. Nilizungusha mara tano, kama tulivyofundishwa. Kisha nikaandika jina la Bi Swafiya kwenye kichupa kwa mwandiko mzuri.

Sista alikiinua dirishani. Alikitazama kwa muda kuliko vingine. Akanitazama mimi juu ya miwani.

"Haya. Hatimaye Mwarabu wako," akasema, akakiweka kwenye trei.

Majibu yalirudi: hakuna kirusi. Hata hapo ningeweza kuipoteza ile karatasi, karatasi zinapotea kila siku. Lakini nilikuwa na uchu wa kumpelekea kitu kizuri. Aliishika, akaisoma, akaniuliza imekuwaje na yeye hakufanya. Nikamwambia maabara wameirudia ile ya Sista, na safari hii imesoma. Uongo ulitoka laini kabisa.

"Sina kitu?"

"Huna kitu, Bi Swafiya."

"Na hiki kinachochuruzika?"

Nikamwambia hicho basi ni uzee. Nilisema kwa mdomo wangu huu. Alilia, akaibusu karatasi, akaiweka kwenye droo pamoja na leseni ya duka. Akanikatia mapazia ya madirisha yangu mawili, na kila nikitaka kulipa ananipiga mkono.

Alikaa na karatasi ile zaidi ya mwaka. Damu ilipoongezeka alikuwa anawaambia nyumbani kwake wasimsumbue, amepimwa, hana. Alipoanguka dukani na kukimbizwa hospitali, madaktari hawakuwa na la kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu. Saratani ilimmaliza kwa wiki sita. Nilikwenda kila siku, na kila siku alikuwa anaomba radhi kwa harufu. Matangani nilikuna nazi siku tatu na wanawake wa nyumbani kwao, wakanishukuru kwa utu wangu.

Duka akabaki nalo binti yake, Nuru, mama wa watoto wawili. Nuru hakunilaumu. "Si wewe, dada Somoe," aliniambia. "Wewe ulileta ulichopewa. Waongo ni wale wenye mashine." Na alianza kumwambia kila mwanamke anayeingia kununua pazia: msipoteze muda wenu, mama yangu alipima akaambiwa hana, akafa nao. Duka lile lina wateja wengi. Nilianza kupita milango niliyoifungua mwenyewe kwa miaka, naambiwa, "Aa, si ndiyo hivyo vya Bi Swafiya?" Nuru mwenyewe hajapima, na amefikia umri wa kupima. Nimemwambia mara tatu. Ananisikiliza kwa adabu, anatingisha kichwa, ananiuliza habari za watoto.

Sista alistaafu. Tulimpa keki na saa ya ukutani, akasema keki ina sukari nyingi. Nesi aliyekuja baada yake anapendwa na kila mtu. Anasema karibu mama yangu, anasema pole mama yangu, na chuma anakiingiza kikiwa baridi. Mlango umerudishwa kwenye bawaba. Foleni sasa ni ya kimya, watu wanatazama simu zao, na kuna siku najikuta nasikiliza sauti isiyokuwepo. Sipendi kusema hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Miaka ikapita bila kumwona. Nilijua anakaa Ilala, kwenye nyumba ya wapangaji, nyumba zile za vyumba vya kuelekeana na ua nyuma. Mwezi uliopita nilikwenda. Asubuhi ile mama mmoja wa duka la vyombo, jirani na Nuru, alikuwa amekataa kichupa, na mdogo wake akakataa kwa sababu yeye amekataa. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja, na nia yangu ilikuwa kumweleza yote ili anigombeze. Nilitaka anipandishie koo lile mbele ya wapangaji wote. Nilikuwa naona nikisemwa vya kutosha nitalala.

Nilimsikia nikiwa bado barazani. Alikuwa anamgombeza mtu kwa kuacha bomba linatiririka. Nikafurahi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa hapo."

Nilikaa kwenye kigoda. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, miwani ileile, kamba imebadilishwa. Nikamwambia nimekuja na jambo kuhusu kile kichupa cha Bi Swafiya, yule Mwarabu wa mapazia.

"Kilikuwa chako," akasema.

Hakupandisha sauti. Mkono haukuacha kuchambua.

"Ulijua?"

"Palepale dirishani. Yule mama siku zake zilikata zamani. Mle ndani mlikuwa na ute wa mwanamke wa umri wa kuzaa. Na wewe ulikuwa umesimama unatokwa jasho."

"Mbona hukusema, Sista?"

"Nilikiandika. Kwa penseli, pembeni kwenye daftari langu. Nilikuwa nataka vifike kumi. Vikifika kumi ningewapelekea wakubwa, niwaambie haya, tazameni huo mkono wenu wa mtu mwenyewe." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Vilifika vinne. Vitatu havikuwa vyako. Wenzako nao walikuwa wananiogopa."

Nilimuuliza hao wengine watatu walikuwa nani. Akautikisa ungo. Nilingoja apige kelele, nilimwomba moyoni apige kelele. Badala yake alisogea karibu, akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinama, na katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akinong'ona.

"Siku ile alipokuja mwenyewe, chuma kilikuwa kimeshaingia. Ningeinama tu ningeona. Mwenye kitu kama kile huhitaji maabara, unaona kwa macho. Sikuinama. Nilikuwa natunga la kuwachekesha nyie huko nje."

Bomba lilikuwa limefunguliwa tena na mtu. Hakuligeukia.

"Ulikuja nikuambie kwamba umeua? Tumeua wawili. Umeshasikia. Binti yake amepima?"

"Hataki. Anasema mama yake alipima akaambiwa hana. Anawaambia na wateja."

"Basi hao wote wanaingia kwenye kichupa kilekile. Kamwambie."

"Nitaanzaje, Sista?"

"Siku ile ulicheka kwa sauti. Nilikusikia kutoka ndani, kicheko chako nakijua. Hukuuliza utaanzaje."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilipoaga aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake nilikwenda dukani. Nuru alikuwa amepiga magoti anapima pazia sakafuni, pini mdomoni, na wateja wawili wamekaa kwenye viti, mama mmoja na binti yake anayetarajia kuolewa. Alizitoa pini ili anisalimie.

"Shikamoo, dada Somoe."

Niliitikia nikiwa bado nimesimama. Nikamwambia nina neno, na nitalisema hapahapa, kwa sababu na yeye amelisema hapahapa miaka yote. Nikasema mama yake hakupimwa. Kibrashi chake kilikuwa kwenye karatasi, haijachanwa. Niliyepimwa ni mimi, chooni sokoni, jina nikaandika la kwake, kwa kuwa niliogopa kusemwa. Mashine haikudanganya. Ilisoma nilichoipa. Na alipoumwa akaniuliza, nilimjibu ni uzee. Sauti yangu ilifika mpaka barabarani, maana muuza maji alisimama mlangoni.

Nuru alibaki amepiga magoti. Alizitazama pini mkononi mwake, akazihesabu kimoyomoyo au alijifanya anazihesabu.

"Kwa hiyo mama hakupimwa."

"Hakupimwa."

"Kwa hiyo kipimo ni cha kweli."

"Ni cha kweli, Nuru."

Yule mama mteja alimshika binti yake mkono, akamvuta karibu, kama mtu aliyemwona mbwa.

"Basi nitapima," Nuru akasema. "Niletewe hicho kichupa kesho asubuhi, kabla sijafungua." Niliinua mkono kuchukua kimoja kutoka kwenye mkoba wangu, nilikuwa nacho palepale. "Hapana. Usinipe wewe. Aniletee mtu mwingine."

Kisha akamgeukia yule mteja, akamuuliza dirisha lake lina upana gani.